Shati Kavu la Papa

Papa, baba yangu, alipoteleza kwenye miti ya kutegea samaki na kuingia majini, mimi sikulia. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, shati lake kavu liko mapajani, na nilipoona mikono yake imeachia na maji yamemfunika, nililikunjua lile shati, nikalipigapiga vumbi, nikalikunja upya vizuri, ili akitoka alikute tayari. Mama alikuwa anapiga kelele pembeni yangu. Maporomoko yalikuwa yananguruma kiasi kwamba niliona mdomo wake tu, umefunguka wote. Nilimvuta kitenge, nikamwambia sikioni:

"Mama, nyamaza. Bazungu batarudilia."

Mama alinipiga kofi moja, la nguvu zake zote, akakimbia kufuata mto. Mimi nikabaki nimekaa. Nikangoja. Mbele yangu, hatua kumi hivi, kamera ilikuwa inanipiga picha.

Sura ile ya mtoto aliyetulia, na shati limekunjwa mapajani, ndiyo picha watu wa mbali wanayoijua juu yetu. Waliibandika hata kwenye tangazo la filamu. Mimi sikujua. Nimeishi miaka yangu yote, nimezaa watoto wanne, nimeuza kwanga, mikate ya muhogo, sokoni mpaka mgongo umepinda, nimemzika Mama, na kumbe huko ng'ambo nilikuwa bado nimekaa juu ya jiwe lile lile.

Nimejua mwaka huu. Binti yangu wa mwisho, Mado, anasoma kwenye chuo kikuu hapa Kisangani. Profesa wao aliwapa kazi: kila mmoja achague filamu iliyopigwa katika mkoa wetu, aeleze ilizaliwa katika hali gani, ilitengenezwa kwa ufundi gani, na ilipokelewa namna gani na wale wanaoandika juu ya mambo ya sinema. Siku moja mchana aliingia jikoni na kompyuta ya rafiki yake mikononi. Mimi nilikuwa ninatwanga pondu, majani ya muhogo.

"Mama, kuya uone. Iko filme ya zamani, ya kwetu kwa maporomoko."

"Niko na moto hapa. Utaniambia."

Halafu mashine ile ikaanza kutoa sauti ya mto. Si mto wowote. Wetu una sauti yake, na sisi tuliozaliwa pale tunaijua kama mtu anavyojua kikohozi cha baba yake. Mara moja pua yangu ikajaa harufu ya kamba za msitu zilizolowekwa: majani ya chai yaliyosahauliwa sufuriani, na udongo, na kitu kidogo cha kuoza. Jikoni kwangu hakuna kamba. Nikaacha mtwangio, nikaja.

"Mama," Mado akasema, "huyu mutoto, unaona? Anafanana na weye."

"Hafanani na miye. Njo miye mwenyewe."

Kwa hiyo kazi ya Mado nimeamua kuifanya na mimi. Yeye ataandika ya kwake kwa Kifaransa, kwa Profesa wake. Mimi niliishia darasa la tano. Ninaandika kwa Kiswahili, kwa ninyi wa umri wangu mliokuwa watoto katika mji huu, mnaokumbuka jinsi mzungu mwenye kamera alivyotufanya tutoke mbio nyumbani, wengine bila nguo. Jina la filamu sitaliandika, linampa heshima asiyostahili. Lakini majina ya watu nitayaandika.

Aliyeitengeneza anaitwa Monsieur Hervelin. Alikuwa na ndevu nyekundu na viatu vya mvua hata siku ya jua. Aliyemleta kwetu ni Faustin Lofemba, binamu wa Papa, mwana wa maporomoko kama sisi. Faustin alisoma kwa mapadri, akahamia Makiso, katikati ya mji, akawa anakuja kwetu Jumapili tu na suruali iliyopigwa pasi. Tulimwita Tonton Faustin, ami yetu. Yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa Hervelin kwetu, na mdomo wetu kwa Hervelin.

Filamu inaanza na sauti ya mtu anayesema kwa Kifaransa kizito kwamba kila mwaka wanaume wa maporomoko wanapanda juu ya maji makali ili kupima ushujaa wao, na kwamba hiyo ni desturi ya mababu. Uongo wa kwanza uko hapo. Papa hakuwa anapima ushujaa. Alikuwa anatafuta samaki. Ninyi mnajua miti yetu, ile mikubwa inayosimamishwa katika matundu ya mawe, inayofungwa kwa kamba za msitu, na vikapu virefu vya kutegea vinaning'inia chini, mdomo wazi. Maji yakipanda, miti inabaki, lakini kamba zinaoza. Maji yakianza kushuka, kila familia inakata kamba mpya, inaziloweka ndani ya mtumbwi mzee uliojazwa maji mpaka ziwe laini, halafu siku moja wanaume wote wa familia wanapanda pamoja na kufunga upya, fundo kwa fundo. Kila fundo linajulikana aliyelifunga. Kabla ya siku hiyo hakuna anayeweka mguu juu ya miti. Hiyo ndiyo desturi. Ukitaka kuandika desturi, andika hiyo.

Hervelin alifika wakati kamba zetu bado ziko ndani ya mtumbwi.

Siku za kwanza alipiga picha za mambo ya nyumbani, na mimi nilikuwa ninamfuata kila mahali. Nilipenda kibao chao cha mistari kinachopigwa "ta!" kabla ya kuanza. Zaidi nilipenda maneno mawili ya Hervelin: *on refait*. Tonton Faustin alinieleza: "Maana yake turudilie, ile ya kwanza haikuwa muzuri." Na kweli, kila alipoyasema, mambo yalirudi nyuma. Mama akimwaga maji, ndoo ilijaa tena. Jirani akipita, alirudi alikotoka akapita upya, na kicheko kile kile.

Halafu ikaja habari ya kuku. Walitaka kumpiga picha Mama anachinja. Mama akakamata kuku wetu mwekundu, akamchinja mbele ya kamera. Tulimla siku ile ile, mimi nilipewa shingo. Kesho yake Hervelin akaja anakunja uso, anasema jua lilikuwa baya, *on refait*. Mama akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kuku mwekundu, mkia ule ule, macho yale yale, akamchinja tena. Nilisimama pale na ladha ya shingo ya jana bado mdomoni. Sikumuuliza mtu. Niliona kwa macho yangu: mzungu akisema *on refait*, hata aliyekufa anarudi.

Mtoto hawezi kuelewa jambo nusu. Mimi nililielewa lote, vibaya.

Asubuhi ya siku yenyewe Hervelin alitaka Papa juu ya miti. Maji yalikuwa bado makali, meupe, na yeye aliyataka hivyo hivyo, kwa sababu yanatoka vizuri katika picha. Nilikuwa pale miguuni mwao. Ilibidi waseme kwa nguvu kuushinda mto, ndiyo maana nilisikia kila kitu.

"Faustin," Papa akasema, "ambia muzungu hivi: kamba zilishaoza. Leo hapana. Angoje siku ine, tutafunga mupya, atanipiga picha mpaka achoke."

Tonton Faustin akamgeukia Hervelin, akasema Kifaransa kidogo tu, kifupi kuliko maneno ya Papa. Hervelin akacheka, akampiga Papa begani.

"Anasema nini?"

"Anasema weye iko mwanaume. Lakini siku ine hana. Ndege haingojake mutu."

"Bon, aende na ndege yake."

"Ambroise, usinipatishe haya mbele ya bazungu. Mara moja tu. Unapanda, unashika kikapu, unashuka. Ao nimuambie nini? Cousin yangu anaogopa maji ya babu yake?"

Wanaume waliokuwa wamekuja kutazama wakacheka. Mmoja akapaza sauti: "Ambroise, kama unaogopa, bibi yako apande!" Papa naye akacheka, lakini alikuwa anaangalia zile kamba, si watu. Halafu akavua shati, akanipa.

"Mama Anto," ndivyo alivyoniita kila siku, kama mimi ndiye niliyemzaa yeye, "shika hii. Usiiloweshe. Nikishuka nitasikia baridi."

Alipanda. Akashika kikapu. Akashuka, suruali imelowa mpaka magotini. Nilikuwa nimeshamnyoshea shati, lakini Hervelin akasema *on refait*. Papa akanijibu kwa kichwa: bado. Akapanda mara ya pili, akashuka amelowa mpaka kiunoni, anatetemeka. *On refait*. Papa akamtazama Tonton Faustin. Tonton Faustin akaangalia viatu vyake. Mara ya tatu, akiwa katikati, kamba ya mti wa pili ilikatika, na mti ukazunguka taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani.

Yaliyofuata nimekwisha kuyaandika juu.

Nilidhani ndivyo walivyotaka tangu mwanzo, aanguke, ndiyo maana walikuwa wanarudia na kurudia. Nilifurahi kwamba Papa amepatia. Niliangalia mdomo wa Hervelin, nikingoja aseme maneno yake mawili. Alikuwa amesimama upande wa kushoto wa kamera. Hakuyasema. Nilingoja mpaka kibao cha mistari kikaingizwa ndani ya sanduku.

Kesho yake walikwenda kiwanja cha Bangboka kupanda ndege. Papa alionekana siku ya tatu, chini kabisa, upande wa pili wa mto. Siku hizo zote nilikuwa ninaenda na shati kila asubuhi kukaa juu ya jiwe. Wanawake waliokuja kwenye matanga walisema mtoto wa Ambroise ana moyo wa jiwe, hata chozi hana. Tulipotoka kumzika, nilimfuata Mama jikoni, nikamuuliza bazungu watarudi lini kumrudisha Papa.

"Nani alikuambia atarudi?"

"Si hata kuku balimurudisha?"

Mama alikaa chini, pale pale penye majivu. Alinivuta, akanishika shavu alilonipiga.

"Mwanangu, bale kuku balikuwa babili. Ba mama moja."

Hapo ndipo nilipolia. Mtu anayesema sikulia aandike na hii.

Sasa tuje kwenye ufundi, kama Profesa wa Mado anavyotaka. Mado alinifundisha kwamba montage ni kukata picha na kuziunga. Katika filamu Papa anapanda mara moja tu. Shujaa anapanda, shujaa anaanguka. Watu wa sinema wanasifu sana jinsi kule kupanda kulivyokwenda moja kwa moja bila kusita. Nikamwambia Mado asimamishe picha. "Angalia suruali." Anapoanza kupanda, suruali ni kavu. Hatua mbili mbele, imelowa mpaka kiunoni, na maji bado hayajamfikia. Halafu magotini tu. Halafu kiunoni tena. Mimi ndiye niliyekuwa ninashika nguo zake, ninajua alilowa wapi na lini. Mara tatu zimeshonwa zikawa mara moja. Mado alirudisha, akatazama, akarudisha.

"Mama, Profesa hakuona hii."

"Profesa hakukaa na shati."

Halafu sauti. Papa anapoanguka, wameuondoa mto. Maporomoko yote yananyamaza, na filimbi moja inalia. Sisi kwetu hatuna filimbi. Baada ya filimbi inakuja sura yangu, kubwa, inajaza kompyuta nzima. Kofi la Mama limekatwa. Mama mwenyewe amekatwa, imebaki ncha ya kitenge chake pembeni, kama una macho ya kuiona.

Lakini kitu kilichonifanya niandike ni kingine. Kabla ya kupanda, Papa anaonekana anasema. Sauti yake wameiacha kama ilivyo. Miaka yote hii nilikuwa nimeisahau, ninyi mliofiwa utotoni mnajua, sura inabaki lakini sauti inakwenda. Nikaisikia jikoni kwangu: *Kamba zilishaoza. Leo hapana. Angoje siku ine.* Chini ya picha yalipita maandishi meupe ya Kifaransa.

"Wameandika nini hapo chini?"

"Mama, acha."

"Mado. Soma."

Akasoma, halafu akageuza kwa Kiswahili, polepole: "Mto unaniita. Leo ndiyo siku yangu."

Nilimwambia arudishe. Nilisikiliza mara sita. Papa anasema kamba zimeoza, na chini yake imeandikwa mto unaniita. Watu wamekaa katika majumba ya sinema ya miji yao, wamesikia mtu anaomba angojewe siku nne, na wamesoma kwamba anataka kufa.

Filamu ilipokelewa vizuri sana. Mado alinisomea, nikiwa nimekaa na pondu yangu haijaiva. Mmoja ameandika kwamba utulivu wa yule mtoto unaonyesha watu ambao kwao kifo na uhai ni kitu kimoja. Mwingine, kwamba macho ya mtoto hayaangalii mto, yanaangalia mahali sisi wengine hatuwezi kufika. Yalikuwa yanaangalia mdomo wa Hervelin. Mwingine amemsifu Hervelin kwa ujasiri wa kutogeuza kamera wakati mtu anakufa. Alipewa zawadi. Filamu inafundishwa mashuleni. Mmoja tu ndiye aliyelalamika, akasema ni ndefu kidogo. Katika wote hao hakuna aliyetafuta mtu mmoja wa Kisangani wa kumuuliza yule mtu anasema nini. Kiswahili si lugha iliyofichwa. Wangeuliza hata mpishi wa hoteli.

Jumamosi iliyofuata nilimchukua Mado, tukapanda toleka mbili, teksi za baiskeli, kila mmoja nyuma ya yake, mpaka Makiso. Tonton Faustin anaishi kwa binti yake nyuma ya maduka. Amezeeka, amekonda. Mkononi ana saa ambayo Hervelin alimwachia. Haitembei tena, lakini bado anaivaa.

"Anto! Karibu, mwanangu. Na huyu mukubwa njo wa mwisho?"

"Tonton, sikuje kusalimia. Papa alisema kamba zilishaoza. Weye ulimuambia muzungu nini?"

"Hiyo mambo iko ya zamani."

"Sauti yake iko ya leo. Sikiliza."

Mado akabonyeza simu. Papa akasema. Yule mzee akafunika saa yake kwa mkono mwingine, kama mtu anayefunika kidonda.

"Nilimuambia kamba si mupya," akasema.

"Ulisema si mupya, ao ulisema zilishaoza?"

"Nilisema… nilisema cousin yangu anapenda kungoja kidogo. Muzungu akasema hapana. Ningefanya nini?"

"Na mto unaniita? Hayo ulisema?"

"Hapana! Hayo si yangu, haki ya Mungu. Hayo Hervelin aliandika kwao. Miye niliyaona tu mu kaseti."

"Kaseti gani?"

Akaona amekwisha kusema.

"Alinitumia. Miaka mingi."

"Mama yangu alikuwa hai?"

Alianza kumwita binti yake alete maji ya wageni.

"Tonton. Mama alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

Mama yangu alikufa akiamini kwamba mumewe alipanda kwa kiburi, kwa sababu wanaume walimcheka. Alimkasirikia mpaka mwisho. Sauti iliyokuwa inamtetea ilikuwa katika kabati la Faustin Lofemba, safari ya baiskeli moja kutoka nyumbani kwetu.

"Utakuja kusema haya mbele ya batu?" nikamuuliza.

"Anto, niache nife muzuri."

"Papa naye alitaka siku ine tu."

Mado alikuwa ameacha simu inarekodi, na mzee aliiona. Hakukataza. Kwa hiyo ninayo, sauti mbili sasa, ya Papa na ya Faustin, na suruali, na ncha ya kitenge cha Mama. Kazi ya Mado imekwisha kuingia kwa Profesa. Nakala ya pili, pamoja na karatasi hizi zangu, anazituma kwa Hervelin mwenyewe, maana yuko hai, ni mzee anayealikwa kila mahali kueleza filamu yake. Nyingine tunazituma kwa wale waliompa zawadi. Wasipojibu tutatuma tena, na baada yangu Mado atatuma.

Sitaki pole. Tonton Faustin, utakuja kwenye maporomoko mchana, familia yote imesimama, uwaambie ulichokisema na ulichokinyamazia, halafu uende kwenye kaburi la Mama umwambie na yeye.

Na wewe, Monsieur Hervelin: *on refait*. Rudisha mto uliouondoa. Rudisha kupanda mara tatu. Rudisha kofi la Mama. Chini ya mdomo wa Papa andika alichokisema, kamba zimeoza, ngoja siku nne. Halafu geuza kamera, ukae wewe juu ya jiwe, uwaambie watu ni nani aliyeandika maneno yale. Ninauangalia mdomo wako, kama siku ile. Sema.